Kinanda kwa Mkono Mmoja: Mwongozo wa Mpigaji wa Golbanti

Kabla hujakigusa kinanda, amua mkono wako utafanya kazi gani. Mwenye mikono miwili halazimiki kujiuliza swali hili: mmoja unashika besi, mwingine unashika sauti ya kwanza, basi. Wewe uliye na mkono mmoja, iwe ulizaliwa hivyo, au mamba aliuchukua mwingine mtoni, au kiharusi kimeulaza upande mmoja, ukijaribu kupiga yote yanayopigwa na mikono miwili utachoka kabla ya ubeti wa pili na utajiona huwezi. Unaweza. Ila huna budi kuchagua cha kuacha, na ukichague vizuri.

Hapa Golbanti, kwenye delta ya Mto Tana, uchaguzi huo ni mwepesi kuliko mjini, kwa sababu ya kwaya. Wamisionari wa Kimethodisti walifika hapa katikati ya miaka ya 1880. Mmoja wao, John Houghton, na mkewe waliuawa hapahapa kwenye uvamizi wa mwaka 1886, lakini kanisa lilibaki, na uimbaji ukabaki nalo. Kwaya za vijiji vya Tana zimezoea kuimba bila ala yoyote. Sikiliza kwaya yenye sauti nne: sauti ya kwanza ipo, ya pili na ya tatu zimejaza katikati, besi iko chini. Yote ambayo mpigaji wa mikono miwili angeyapiga, watu wameshayaimba. Kinanda kikinyamaza, wimbo hauanguki. Kwa hiyo kazi zako za kweli ni tatu: kutoa ufunguo wa kuanzia, kushika besi isishuke, na kulinda mwendo. Zote tatu mkono mmoja unazimudu.

Ukianza kujifunza, anza na sauti moja tu, bila kodi. (Kodi ni zile noti tatu au nne zinazobonyezwa pamoja.) Tafuta wimbo wa kubembeleza mtoto ambao bibi yako anaujua. Mwaka 1963, kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilipotengeneza Wimbo wa Taifa wa Kenya, iliuchukua mtiririko wake kutoka kwa wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Akina mama walioanza kuuimba hawakuwa na kinanda, na mikono yao yote ilikuwa imemshika mtoto. Sauti ikiwa nzuri inajitosheleza. Piga wimbo wa bibi polepole, mpaka vidole viujue bila macho, ndipo uanze kufikiria kitu cha kuongezea.

Mkono uliokubakia ni upi? Jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Pwani tumelelewa kula na kusalimiana kwa mkono wa kulia, na mtoto aliyebaki na wa kushoto pekee hukua akiona haya kuunyoosha mbele za watu. Kwenye kinanda mambo yanageuka. Nyimbo nyingi zilizoandikwa duniani kwa ajili ya mkono mmoja ziliandikiwa mkono wa kushoto, na sababu yake utaiona ukiuweka mkono huo juu ya vitufe: kidole gumba, chenye nguvu kuliko vyote, kinakaa juu palipo na sauti ya kwanza, na kidole kidogo kinakaa chini kwenye besi. Paul Wittgenstein wa Austria alipoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Akaendelea na kazi yake ya piano kwa mkono wa kushoto, na akawaomba watunzi wakubwa wamwandikie nyimbo. Ravel wa Ufaransa alimwandikia kazi ndefu ya piano na okestra ambayo Wittgenstein aliipiga kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1932. Akifumba macho, msikilizaji asiyejua hadhani kabisa kwamba ni mkono mmoja. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii, mwambie habari hizo mapema.

Kama uliobaki ni wa kulia, kazi ni ngumu zaidi kidogo, kwa sababu sauti ya kwanza inaangukia kidole kidogo, ambacho ni dhaifu. Kizoeshe hicho kwa upole. Gumba likae na besi, liguse na kuachia, na vidole vya katikati visiwe na haraka ya kujaza.

Kukaa nako kuna utaratibu wake. Usikae katikati ya kinanda kama wafanyavyo wengine. Sogeza kiti kuelekea upande wa mkono usiopiga. Anayepiga kwa kushoto asogee kulia, ili mkono uzifikie noti za juu bila kiwiliwili kupinda. Anayepiga kwa kulia afanye kinyume. Nyayo zote mbili zikanyage chini, maana ukinyoosha mkono mmoja mbali, hakuna mwingine wa kukusawazisha. Benchi la kanisani mara nyingi huwa fupi kwa kinanda kilichowekwa juu ya meza ya ushirika. Ongeza mto au ubao mpaka kiwiko kiwe sawa na vitufe au juu kidogo. Stendi zile za miguu iliyopishana zina komeo linalohitaji mikono miwili kulifungua. Meza imara ni bora, na itakuepusha na kumwita mtu kila mara.

Kuhusu kununua: kinanda cha vitufe 61, yaani oktavo tano, kinakutosha. Cha vitufe 88 ni kirefu na kizito, na safari ya bodaboda kutoka Garsen nacho ni mateso. Ukienda kukiangalia, iwe kipya au cha mtumba kutoka Malindi au Mombasa, hakikisha kina mambo matatu: ridhimu zinazofuata kodi zenyewe, kibonyezo cha kupandisha na kushusha ufunguo, na tundu la pedali nyuma. Vile vidogo vya watoto mara nyingi havina hilo la tatu, na kwako wewe pedali ni lazima.

Ridhimu za kujiendesha zimeleta ubishi makanisani. Wapo wanaosema mashine ikipiga, mpigaji hajapiga. Mimi nasema, kwa mpigaji wa mkono mmoja, ridhimu ni mkono wa pili halali, mradi aiongoze yeye. Vinanda vya kawaida vya Yamaha na Casio vina namna ya kupata kodi nzima kwa kidole kimoja au viwili. Kwenye Yamaha, ukigusa kitufe kimoja katika sehemu ya chini unapata kodi ya meja ya noti hiyo. Ukiongeza kitufe cheusi kilicho karibu upande wake wa kushoto inageuka maina. Ukiongeza cheupe cha kushoto unapata kodi ya saba. Kwenye Casio unaongeza upande wa kulia: vitufe viwili ni maina, vitatu ni kodi ya saba. Jaribu nyumbani kabla ya Jumapili, kwa sababu kila kinanda lazima kwanza kiwekwe kwenye mtindo huo.

Na hapa ndipo penye siri ya kazi yote: ukishagusa kodi na ridhimu inakwenda, ukiinua mkono kodi haikatiki. Inaendelea kuzunguka mpaka uguse nyingine. Maana yake mkono uko huru kati ya kodi na kodi.

Tuchukue utenzi wa mwendo wa polepole, wa mapigo matatu, wenye kodi tatu tu: C, F na G. Tenzi za Rohoni imejaa za namna hiyo. Mkono wa kushoto, kidole kidogo kinagusa C chini ya mpaka wa kodi (pale sehemu ya kodi inapoishia na ya sauti ya kwanza inapoanza). Ridhimu inaanza. Mkono unaruka juu ya mpaka na kupiga sauti ya kwanza kwa vipimo viwili au vitatu. Sasa kodi ya F inakaribia. Ukisubiri mpaka pigo la kwanza la kipimo ndipo ukimbie chini, utachelewa na kwaya itakuvuta. Kwa hiyo iache noti ya mwisho ya kipimo kilichotangulia. Usiipige kabisa, kwaya inaiimba. Tumia nafasi yake kushuka, gusa F sawasawa na pigo la kwanza, kisha rudi juu uidake sauti ya kwanza kwenye pigo la pili. Umeacha noti mbili, na hakuna aliyezikosa kanisani. Chukua penseli, uweke alama juu ya kila neno ambalo kodi inabadilika, na ukwaruze zile noti mbili unazoziacha, ili Jumapili usiamue papo hapo.

Mruko huo unaweza kuufupisha. Vinanda vingi vinakuruhusu kuusogeza mpaka wa kodi, na vingi vinakuruhusu kupandisha sauti ya upande wa juu kwa oktavo moja. Ukifanya hivyo unapiga sauti ya kwanza jirani kabisa na mpaka, lakini inasikika juu panapostahili. Umbali uliokuwa mkono mzima unakuwa shubiri. Kitu kidogo kama hiki ndicho kinachomtoa mtu kwenye kuhangaika na kumfikisha kwenye kupiga.

Kibonyezo cha kubadili ufunguo nacho kitakuokoa. Kwaya zetu huanza wimbo popote sauti ya mama wa kwanza inapoangukia. Badala ya kuhamisha vidole kwenye vitufe vyeusi, jizoeze kila kitu katika C, kisha mwombe mwimbishaji akuimbie "do" yake, uitafute kwenye kinanda, na uhesabu ni hatua ngapi za kupandisha au kushusha. Wenye mikono miwili wanafanya hivihivi na hakuna anayewauliza.

Wimbo ukiwa wa maombi usiotaka ngoma, utapiga bila ridhimu. Hapo pedali ndiyo inayofanya kazi ya mkono mwingine. Kidole kidogo kinapiga besi, mguu unakanyaga, besi inabaki hewani. Mkono unapanda na kupiga noti mbili za katikati pamoja na sauti ya kwanza. Besi mpya ikija, mguu unainuka wakati uleule kidole kinapogusa, na unakanyaga tena mara tu baada yake. Ukikanyaga mapema, kodi mbili zinachanganyikana na wimbo unakuwa tope. Fanya zoezi la mguu peke yake kwanza, ukihesabu kwa mdomo. Aliyelazwa upande mmoja na kiharusi atumie mguu ulio mzima, pedali ihamie upande huo, na chini yake awekewe kipande cha mkeka ili isiteleze kwenye saruji. Kitu kingine: chomeka pedali kabla hujawasha kinanda, na usiikanyage wakati wa kuwasha. Vinanda vingi vikiwashwa pedali ikiwa imekanyagwa huisoma kinyume: sauti inavuta ukiachia na inakatika ukikanyaga. Wengi wamedhani pedali imekufa, kumbe ni kuzima na kuwasha upya tu.

Usidhani pia kwamba muziki wa noti mojamoja ni muziki wa shida. Kile kinanda cha Kihindi cha kukanda upepo, kilichoingia pia katika taarabu ya Mombasa, hupigwa kwa mkono mmoja siku zote, kwa sababu mwingine uko kazini unasukuma hewa. Sauti moja inatembea, inapambwa, inateleza kutoka noti hadi noti, na waimbaji wanaifuata. Kama masikio yako yamelelewa na nyimbo hizo, chagua sauti ya zumari au fidla kwenye kinanda chako na ufuate njia hiyo. Kwenye harusi utapendwa zaidi kuliko anayejaza kodi kila mahali.

Sasa mwili. Mkono wako ni mmoja na una kazi zote: unashika jembe, kafi la mtumbwi, ndoo, kijiko, na mtoto. Jioni unauleta kwenye kinanda ukiwa umeshachoka. Mshipa ukiumia, hutakuwa umepoteza muziki tu, utakuwa umepoteza namna ya kujilisha na kujiosha. Kwa hiyo piga kwa vipindi vifupi, dakika kumi au kumi na tano, upumzike, urudi. Maumivu yanayopanda mpaka kiwikoni, au ganzi ya vidole usiku, ni amri ya kuacha siku kadhaa. Usinyooshe vidole kwa nguvu kufika oktavo. Vunja kodi, piga noti moja baada ya nyingine, pedali izishikilie. Siku ya kuvuna mpunga, usifanye mazoezi ya vidole. Sikiliza wimbo tu.

Kwa aliyepata kiharusi, mkono uliolala usiusahau mfukoni. Uweke juu ya vitufe, hata kama hauwezi kubonyeza. Watafiti Ujerumani waliwafundisha wagonjwa wa kiharusi kupiga vitufe na ngoma za umeme kama sehemu ya tiba, na mwaka 2007 walieleza kwamba mikono ya wagonjwa hao ilipata nafuu zaidi ya ile ya waliopewa tiba ya kawaida peke yake. Kinanda cha kanisani hakichukui nafasi ya mtaalamu wa viungo. Muulize hospitalini ni mazoezi gani yanakufaa. Lakini kidole kimoja kikianza kubonyeza, hata kwa kuchelewa, kipe noti ndefu ya besi. Kazi ya kweli inamtia mtu moyo kuliko zoezi tupu.

Na mwenye mkono uliokatika chini ya kiwiko, au aliyezaliwa na kiganja kisicho na vidole, ana zaidi ya mkono mmoja. Kigutu kinaweza kubonyeza kitufe cha chini kabisa kama besi, kikiwa kimevishwa kitambaa laini ili ngozi isichubuke. Noti moja ndefu kila kipimo inatosha kabisa. Wengine huona haya kukitoa kwenye shati. Mwalimu wa kwaya ana wajibu hapa: asimsukume, wala asimwambie akifiche.

Walimu wengine wa muziki, nao, humpokea mwanafunzi wa namna hii kwa huruma nyingi na kazi ndogo. Wanampa kayamba. Mwanafunzi akisema anataka kinanda, mpe kinanda, na umdai mazoezi kama wengine. Nicholas McCarthy wa Uingereza, aliyezaliwa bila mkono wa kulia, alihitimu Royal College of Music jijini London mwaka 2012, mpiga piano wa kwanza wa mkono mmoja kufika hapo. Hapa kwetu, Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, lina vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Mwalimu wa shule aulize mapema masharti ya mwaka huo na achague wimbo unaolingana na mkono wa mwanafunzi wake.

Mto Tana nao una neno lake. Maji yalipopanda mwishoni mwa 2023 na tena 2024, watu wa delta walihama na walivyoweza kubeba. Kinanda kikilowa, vile vipande vya mpira chini ya vitufe hushika matope na baadhi ya noti hazilii tena. Kiweke juu darini mvua zikianza huko bara, hata kama Golbanti jua linawaka, kwa sababu maji yetu hutoka mbali. Ukihama kwa mtumbwi, kifunge ndani ya karatasi ya nailoni mara mbili. Kikishalowa, usikiwashe kujaribu. Toa betri, kikaushe kivulini, kisha umpelekee fundi. Siku za kawaida kifunike kwa leso dhidi ya vumbi na mende.

Kwenye sola, soma kibandiko kilicho nyuma kabla hujaunganisha chochote. Vinanda vingine vinataka volti 12, vingine chini ya hapo, na alama ya chanya na hasi kwenye ncha ya waya hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ukigeuza, unaweza kukiunguza mara moja. Betri ya sola iliyojaa hutoa zaidi ya volti 12, hivyo usiunganishe moja kwa moja. Mwambie fundi aweke kidhibiti katikati.

Kuhusu msaada wa serikali, usikae kimya. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndilo linalosajili, na usajili huanzia kwenye tathmini ya daktari katika hospitali ya serikali. Jisajili hata kama hutaki kitu leo, kwa sababu maombi ya vifaa na ya karo huuliza kwanza kadi ya usajili huo. Ukiomba, andika wazi kwamba muziki ni kazi yako au masomo yako, na uambatanishe barua ya kanisa au ya shule.

Maana ni kazi. Siku utakapoitwa kupiga harusini Garsen au Tarasaa, bei yako iwe ileile ya mpigaji mwingine yeyote, na uitaje kabla ya kupanda gari. Omba nauli ya mtu wa pili wa kukubebea kinanda na spika, sehemu ya malipo itangulie, na upewe orodha ya nyimbo siku kadhaa kabla, ili ukae nayo na penseli yako uweke alama pale kodi zinapobadilika. Mwenye shughuli akisema atakupunguzia kwa kuwa mkono ni mmoja, mpigie wimbo mmoja hapohapo, kisha mtaje bei tena.